Ukumbi wa Landover na Shamba la Bibi

Wiki iliyopita, katika kazi yangu ya teksi za kuitwa kwa simu, nilimpakia mzee mmoja Capitol Heights, hapa Maryland, nje kidogo ya Washington. Simu inaonyesha anakwenda hospitali ya Largo. Yeye kapanda, kafunga mkanda, akaniambia: "Nipeleke pale Bullets walipokuwa wanacheza."

Nina miaka 14 nchi hii, na barabara ile naijua kuliko Barabara ya Mandela. Sikujua anasema nini. Tulipofika nikaona hospitali ya vioo, maegesho na vijinyasi. Mzee akatoa mkono dirishani. "Mlango ulikuwa pale, kwenye nguzo ya taa." Nguzo ilikuwa nguzo tu.

Ukumbi wenyewe uliitwa Capital Centre. Abe Pollin, mwenye Bullets, timu ya mpira wa kikapu ya Washington, aliujenga hapo hapo, enzi hizo wakipaita Landover, kando ya barabara kuu inayoizunguka Washington, ukafunguliwa tarehe 2 Desemba 1973. Uliingiza watu zaidi ya 18,000, paa limepinda kama kaukau, na juu ya uwanja zilining'inia skrini kubwa za kurudia matukio, kitu ambacho kumbi za ndani zilikuwa hazijakizoea. Miaka ile wenye nafasi walikuwa wanahama mijini kwenda mitaa mipya ya pembezoni, na burudani ikawafuata huko huko. Treni haikufika, bila gari huendi popote.

Mambo yaliyopita pale ni mengi. Aprili 1976 Muhammad Ali alipigana na Jimmy Young raundi 15, akapewa ushindi wa pointi. Mzee wangu mpaka leo anabisha kuwa Young aliibiwa, na alibisha kwa sauti mpaka nikapunguza mwendo. Januari 1985 baridi ilizidi hadi gwaride la kumwapisha Reagan likafutwa, bendi zikakusanywa ndani ya ukumbi huo. Na Waafrika wamo. Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye urefu wa mita 2.31, aliichezea Bullets kuanzia 1985. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuja kusoma chuo kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kwenye timu ya chuo, akizuia mipira ya watu ukumbini pale pale.

Mwaka 1993 jina likauzwa kwa shirika la ndege. Watu hawakulijali, wakaendelea kusema Cap Centre. Mwaka 1997, tarehe 2 Desemba ile ile, Pollin akafungua ukumbi mpya katikati ya Washington, juu ya stesheni ya treni, akaondoka na timu zake. Tarehe 15 Desemba 2002 wakaulipua kwa baruti. Miaka 29! Kabati la mama, kazi ya fundi wa Keko, lina umri mkubwa kuliko hilo jengo. Likaja eneo la maduka, nalo sehemu kubwa ikabomolewa. Ndipo ikaja hospitali, mwaka 2021.

Sasa nyumbani. Dar tuna Shamba la Bibi, uwanja ambao usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa na yetu ikapanda. Serikali ilipotaka uwanja mkubwa wa kisasa haikuuvunja huo. Iliujengea mwenzake jirani, ukaanza kutumika 2007, huo ambao leo mashabiki wanasema "kwa Mkapa hatoki mtu". Bibi akabaki na shamba lake. Baba yangu aliniingiza pale nikiwa mdogo, mimi nimemwingiza mwanangu, na nilimwonyesha upande tuliokaa bila kutafuta nguzo ya taa.

Najua mtaniambia hatubomoi kwa sababu hatuna hela ya kubomolea. Kuna ukweli hapo. Viwanja vyetu vingi vinaachwa vichakae mpaka ukiingia chooni unajuta kunywa maji. Na hospitali, kusema kweli, ni bora kuliko ukumbi uliofungwa. Hapo siwabishii Wamarekani.

Ninachobishia ni haraka yao. Kaunti ya Prince George's, ulipokuwa ukumbi, ilipofika miaka ya 90 Weusi ndio waliokuwa wengi, wengi wao watu wenye kazi zao na nyumba zao. Wakati huo huo burudani ikafunga virago na kurudi mjini. Huko mjini ni kweli kuna treni na hesabu za biashara zinakubali. Lakini mwenye mtaa hakuachiwa hata ngazi moja ya kukalia.

Mzee alishuka, akaangalia saa. Miadi yake bado dakika 20. Akaniuliza Mutombo alikuwa wa kwetu? Nikamwambia ni jirani, Mkongo, na kwamba alijenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake.

"Hospitali," akasema, akageuka kuitazama hii iliyo mbele yake. Akaanza kutembea kuelekea kwenye nguzo, siyo kwenye mlango.