Kunuke Zuhura, Niulizwe Mimi!

Simu zimewaka tena leo: "Dalili za uhai zagunduliwa sayari nyingine." Basi kijiweni kahawa hainyweki. Umeme umekatika tangu alfajiri, hilo hakuna anayeuliza. Wanachouliza ni wamekutwa wangapi.

Jamani, hajakutwa mtu. Imesikika harufu tu.

Mzee wa kashata yeye bado yuko na ile ya Zuhura. Septemba 2020, mwanaastronomia Jane Greaves na wenzake walitangaza kuwa mawinguni kule kuna fosfini. Mnaijua: ndiyo hewa itokayo kwenye vidonge vya kufukizia mahindi vikipata unyevu, ina uvundo wa samaki aliyeoza. Kule jua na asidi huivunja, kwa hiyo ikiwapo, lazima kuna kinachoitengeneza upya. Hoja safi, sina ugomvi nayo.

"Nyingi kiasi gani?"

Chembe 20 katika bilioni, Mzee wangu. Chukua magunia 200 ya mchele, ya kilo mia mia, utie humo punje 20 za mtama. Halafu kazihesabu ukiwa sayari nyingine.

"Kwa macho?"

Kwa darubini za redio! Moja ya Hawaii, kisha ALMA ya Chile. Fosfini hunyonya mawimbi ya gigahezi 266.94, kwa hiyo kwenye grafu unatafuta kishimo hapo. Sasa Zuhura inang'aa mno, chombo nacho kinaongeza mawimbi yake, grafu inajaa matuta kama barabara ya mtaani. Inabidi uipige pasi: unaziba pale unapotarajia kishimo, unachora mstari unaofuata matuta yaliyobaki, kisha unautoa. Wao wakachora kwa polinomia ya digrii 12, yaani fomula ya mstari unaoweza kupindapinda. Kumi na mbili! Hiyo ina namba 13 za kuchezea. Mpe fundi cherehani pini 13 uone kama suruali ya mtoto haitamkaa mjomba. Na pale palipozibwa mstari unajipindia utakavyo. Ukishautoa, shimo linazaliwa lenyewe. Mwanaastronomia Ignas Snellen na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walipopitisha pasi hiyo hiyo sehemu nyingine za grafu, yakaibuka mashimo matano mengine yasiyo na fosfini. Hapo sijataja hewa nyingine, dioksidi ya salfa, ambayo hunyonya karibu palepale, ukaidhania fosfini. ALMA waliposawazisha data zao upya, ile 20 ikaporomoka hadi kama 1.

"Kwa hiyo hawapo."

Sijasema hawapo!

"Kwa hiyo wapo."

Mzee, nimesema MOJA! Katika BILIONI!

"Basi huyo mmoja anaitwa nani?"

Na ile ya sayari K2-18b ya Aprili 2025, miaka ya nuru 124 kutoka hapa, msinianze. Wanasema wamenusa hewa ya dimethili sulfidi, harufu ya bahari inayotokana na planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini. Uhakika wenyewe ni sigma 3 (kipimo cha kuonyesha kuwa si bahati tu) wakati zinatakiwa 5, na hewa hiyo hiyo imeshakutwa kwenye nyota mkia 67P, ambako planktoni hakuna.

Tena vile vidonge, kwa kuwa tumevitaja: si vya kuweka chumba mnacholala. Fosfini inaua watu pia. Ni ghala la mbali na turubai lisilovuja, kingo zikandamizwe kwa mifuko ya mchanga. Lakini nyie mnavitumbukiza kwenye gunia la sandarusi lenye matundu, hewa yote inakimbia, fukusi wanabaki wananenepa, halafu mnamtukana muuza dawa kuwa kauza feki. Turubai lenyewe mmeazima la msibani, lina tundu la sigara katikati, na mwenyewe analidai tangu arobaini.