Pikapu Iliyoanza kwa Rangi

Nilipoinunua ile Chevrolet 3100 ya mwaka 1951, kitu cha kwanza kufungua hakikuwa boneti. Kilikuwa daftari. Gari lenyewe lilikuwa hoi bin taabani: sakafu ya kebini imeliwa na kutu hadi ukikaa kwenye usukani unaona nyasi, milango imelegea kama masikio ya mbwa mzee, na juu ya injini panya wameshalea wajukuu. Mimi sikuyaona hayo. Niliona hatua 22 za kulifufua, zilizopigiwa mstari kwa rula, kila hatua na kalamu ya rangi yake. Nikabandika karatasi ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa magari, akaja kuisoma. Aliisoma mikono iko mgongoni. Akafika hatua ya 6, akakwama hapo.

“Mwanangu, hapa umeandika rangi.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Na hapa, hatua ya 9, umeandika kujaribu milango.”

“Ndiyo, Mzee.”

Akanyamaza. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji: bodi yote hufungwa kwanza likiwa bati tupu, juu ya chesisi yake. Milango ifunge, boneti ikae, kila tundu linalotakiwa litobolewe, kila kinachotaka kuchomelewa kichomelewe. Ukiridhika, unafungua tena kila kitu, ndipo unapaka rangi.

“Yaani nifunge gari zima halafu nilifungue tena?”

“Ndiyo.”

Nilicheka. Hata wazimu una mipaka yake. Isitoshe, fundi wa rangi alikuwa na nafasi mwezi ule ule, na rangi ya kijani niliyoichagua ilikuwa inanikosesha usingizi.

Kubomoa kulikwenda vizuri, na hapo ndipo nilipojivuna zaidi. Kila boliti niliitia kwenye mfuko wake na kuiandikia jina. Tatizo ni kwamba yale majina niliyaandika kwa kichwa cha siku ile. Miezi kumi na minne baadaye nimekaa chini nasoma: “Hizi za pale.” “Ile ndefu.” “Ya pili kutoka ile nyingine.” Mfuko mmoja ulikuwa na kifuniko kidogo cha bati, umeandikwa: “Kifuniko, sijui cha nini.” Huo ndio uliokuwa na ukweli kuliko yote.

Sakafu nilichomelea mwenyewe. Niliikata ya zamani yote pamoja na vizingiti, milango ikiwa imeshatolewa, bila kuweka vyuma vya kuishikilia kebini isijikunje. Nikaweka bati jipya, limenyooka, safi. Mzee alipopita nikamwambia kwa majivuno: ukiacha ya pedeli na gia, Mzee, sakafu hii haina hata tundu moja! Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alijua. Au labda macho tu.

Kebini ikaenda kwa fundi wa rangi, ikarudi inang'aa kama embe bichi lililonyeshewa. Hatua ya 9: milango. Wa kulia ukafunga. Wa kushoto ukaingia juu, chini ukagoma, ukabaki na mwanya wa kuingiza kidole. Nikausukuma kwa bega. Ukafunga kweli, ila kwa mlio wa kwaruu, na ukanda wa kijani ukadondoka miguuni mwangu ukiwa umejikunja kama ganda la kitunguu. Kebini ilikuwa imejikunja siku ile ile niliyoikata vizingiti. Kukata upya, kuchomelea upya, kupaka upya upande mzima. Nikaipigia alama ya tiki hatua ya 9 kwa mkono unaotetemeka.

Mengine niyapite. Injini ikaingia, kebini ikakaa, kiti kikafungwa. Tukatia petroli tuisikilize injini ikinguruma. Ikanguruma, nikakumbatiana na mzee. Hatua ya 19: kutia mafuta ya breki.

Sasa, masta silinda ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, kwenye pikapu hizi haikai mbele karibu na injini kama kwenye magari ya leo. Imefungwa kwenye chesisi, chini ya miguu ya dereva, na mafuta yake hutiwa kupitia tundu lenye kifuniko lililoko sakafuni, chini ya kapeti.

Sakafu ya zamani ilikuwa na tundu hilo. Ila ilikuwa na matundu mengi mno, na mimi nikadhani hilo nalo ni la kutu.

Mzee akainua kapeti. Akapapasa bati langu lililonyooka. “Sasa mwanangu,” akasema kwa upole wa kutisha, “breki zitakunywa wapi?”

Nikasema hakuna shida, nitatia kwa chini. Nikalala chali kichwa kikielekea mbele, na bomba la sindano na kipande cha mpira. Theluthi iliingia, theluthi ikaingia kwenye mkono wa shati, iliyobaki ikamwagikia chesisi. Mafuta ya breki hula rangi. Nilifuta haraka, lakini kesho yake chesisi ilikuwa na malengelenge kama mtu aliyeungua maji ya moto.

Basi, kutoboa. Nikachukua drili. Mzee akanishika mkono. “Unataka kutoboa chuma kando ya petroli?” Nilikuwa nimesahau: tanki la pikapu hii liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Kwa ajili ya tundu moja tukatoa kiti, tukanyonya petroli, tukatoa tanki na mabomba yake, tukalipeleka mbali kabisa. Kutoka hatua ya 19 nikarudi ya 13, nikifuta tiki moja moja.

Vipimo nilikuwa nimevichukua nikiwa chini: vidole vinne kushoto kwa pedeli. Nikapanda juu, nikapima vidole vinne kushoto, nikatoboa, nikachungulia.

Nyasi.

Mtu akilala chali kichwa kikiwa mbele, kushoto kwake ndiko kulia kwa gari. Mzee alitoka nje kwanza, nikamsikia anakohoa kicheko huko. Tundu la pili likaangukia juu ya masta silinda barabara, na kile kifuniko cha “sijui cha nini” kikakaa juu yake kama kilizaliwa hapo.

Tundu la kwanza bado lipo. Nikipita barabara ya vumbi linanipulizia ndani ya suruali mpaka magotini, na abiria wangu huniuliza ninachekea nini.