Huyo Mzungu Aliwauliza Wanaume Tu

Kila ninapoambiwa kwamba maktaba ya chuo imepitwa na wakati, kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye simu, huwa nauliza: simu yako ina karatasi za Hans Cory?

Cory alizaliwa Austria, akawa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Alizunguka kwa Wasukuma, Wahaya na Wanyamwezi akiwauliza wazee habari za mahari, mirathi, nyimbo na miiko, na aliyoambiwa akayapiga taipu. Karatasi zake zimo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika sehemu ya maktaba inayoitwa East Africana. Mimi nilizifikia nikiwa mwaka wa tatu, na nilizifikia kwa bahati tu. Nilikuwa natafuta kitu kingine.

Nikakuta habari za kwetu. Ng'ombe wa mahari, nani humdai nani, ndoa ikivunjika inakuwaje. Jioni nilimpigia bibi simu, nikamsomea nilichonakili. Alinyamaza muda mrefu, akaniambia nisome tena. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyo mzungu aliwauliza wanaume tu." Akaanza kunisahihisha, jambo kwa jambo, mpaka salio likakata. Nikaongeza salio. Tuliendelea hivyo juma zima, na daftari langu likajaa.

Miaka mitatu nilikuwa nimesoma kwa madesa, zile notisi wanafunzi wanazorithishana, kama wenzangu wengi. Desa linakupa jibu la mtihani, nawe unalirudisha kama ulivyolipokea. Zile karatasi zilinipa kitu cha kubishana nacho, na mtu wa kubishana naye alikuwa bibi ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya utafiti, ambayo nilikuwa nimeikariri tangu mwaka wa kwanza.

Jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Magufuli tarehe 27 Novemba 2018, lina nafasi ya vitabu 800,000. Nalipenda. Lakini kitabu kinachopatikana London na Nairobi hakiniumizi kichwa, kikipotea kitanunuliwa kingine. Kinachonikosesha usingizi ni kile kilichopo nakala moja tu duniani. Mlimani kuna miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, tenzi zilizokusanywa pwani na J.W.T. Allen, mtaalamu wa Kiswahili, ambazo orodha yake ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Wanafunzi wangapi wa Kiswahili wa leo wanaweza kusoma hata ubeti mmoja wa hati ile? Kama lugha hii ni yetu, hati hiyo ingefundishwa kwa kila anayechukua shahada ya Kiswahili, hapa na kwenye vyuo vingine vyote. Msimamo huu siuachi.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka miteremko ya Table Mountain ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukumbi wa kusomea wa Jagger uliteketea pamoja na vitabu vingi vya masomo ya Afrika na filamu. Nilitazama zile picha usiku, nikawaza karatasi zilizopigwa taipu kabla ya uhuru, jinsi zilivyo kavu. Kwa hiyo simpingi anayetaka zipigwe picha na kuwekwa kwenye kompyuta. Zipigwe, tena upesi, na zile zenyewe zitunzwe pia, maana picha haionyeshi kila kilichofutwa kwa kidole au kuandikwa nyuma kwa penseli.

Ila picha bila msomaji nazo zitalala tu. Ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata wa uhandisi, apewe juma moja atafute karatasi iliyoandikwa juu ya wilaya yake, kisha aipeleke nyumbani likizo na kuwasomea wazee. Watakaosahihisha wapo, lakini hawatakuwapo miaka mingi.

Daftari langu bado liko kabatini. Mwezi uliopita bibi aliniuliza yale masahihisho yake nimeyapeleka kule chuoni. Nikamwambia bado. "Karatasi za huyo mzungu wamezitunza," akasema. "Za kwangu watazikataa?"