Siku Mustang Yangu Iliposhindwa na Gari la Kubebea Watoto

Mjomba wangu ni fundi wa magari mtaani Gerezani, Dar es Salaam, tangu enzi zile Peugeot 504 ndiyo ilikuwa gari na mengine yote yalikuwa vyombo vya usafiri. Kila nikinunua gari huku Ohio lazima nimpigie simu ya video nimwonyeshe. Nilipomwonyesha Ford Mustang ya mwaka 1967, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mpwa, mimi na hilo gari tumezaliwa mwaka mmoja. Usilipeleke mbio."

Sasa mtu ananunuaje gari la misuli, maana ndivyo Wamarekani wenyewe wanavyoyaita, halafu asilipeleke mbio?

Injini yake ni V8, yaani ya silinda nane, inchi za ujazo 289, yaani kama lita 4.7. Kabureta ya midomo miwili, gia otomatiki tatu. Kwenye makaratasi ya kiwandani wameandika nguvu za farasi 200, na hao farasi 200 niliwatangaza ghalani kazini mpaka watu wakaanza kula chakula cha mchana mbali na mimi. Baadaye ndipo nikajua kwamba kabla ya 1972 viwanda vya Marekani vilikuwa vikitangaza nguvu za injini iliyopimwa uchi: imewekwa kwenye stendi, haina alteneta, haina feni, haina chujio la hewa, wala ekzosi yake ya kweli. Ni sawa na kumpima mama mbio kabla hajabeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Likishavalishwa kila kitu na kuingia barabarani, farasi kadhaa wanakuwa wamebaki zizini.

Nikampigia tena mjomba. "Shikamoo mjomba. Nataka liongezeke mbio."

"Marahaba. Difu yake namba ngapi?"

"3.00."

"Weka 3.55. Weka plagi mpya, panga taimingi, kisha nenda kalale."

Kwa faida ya wasiokaa gereji: namba ya difu ni mara ngapi propela shafti inazunguka ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari linaondoka kwa nguvu zaidi pale pa kusimama, ingawa kwenye barabara kuu injini italia zaidi. Mjomba alikuwa sahihi, najua sasa. Lakini difu ina kasoro moja kubwa: haionekani. Hakuna mtu aliyewahi kufungua boneti mbele ya wenzake akasema, "Njooni muione difu yangu." Mimi nilitaka kitu cha kuonekana na hasa cha kusikika. Nilitaka mngurumo ule wa gari linalotetemeka hata likiwa limesimama, kama bondia anayesubiri kengele.

Mngurumo ule unatoka kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua na kufunga vavu za injini. Ukiweka kali, vavu za kuingiza zinafunguka huku za kutolea hazijafunga vizuri, kwa hiyo gari likiwa limesimama injini inakosa utulivu, inayumba na kuguna. Inapata faida yake mizunguko ikishapanda. Basi nikaagiza kemshafti, menifoldi ya aluminiamu (ile inayogawa hewa na petroli kwa kila silinda) na kabureta ya midomo minne. Kabureta nilitaka ile kubwa ya 750, yaani inayopitisha futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika, mjomba akakataa katakata. Akanifundisha hesabu: chukua inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa ya injini kwa dakika, gawa kwa 3456. Yangu ni 289 mara 6000, inakuja kama 502. "Hata 600 inakutosha na kubaki," akasema, "hiyo 750 ni kumpa mtoto mchanga sahani ya msibani." Nikanunua 600 kwa shingo upande. Ndipo mahali pekee nilipomsikiliza.

Sanduku la kemshafti liliandikwa kwamba inaingia kwenye injini za Ford za inchi 289 na 302. Na kweli iliingia. Mle ndani kulikuwa na karatasi ngumu ya maelezo imejaa namba upande mmoja. Nikaiweka kwenye meza ya jikoni niisome usiku. Usiku ulipofika haikuwepo, na mimi sikuitafuta sana.

Kazi ilituchukua wikiendi mbili, mimi na rafiki yangu wa Bukavu ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi na kutoa maoni. Tulipofika kwenye waya za plagi nikakwama: upi unaenda wapi? Nikaangalia chini. Menifoldi ya zamani ya chuma ilikuwa imelala sakafuni, na juu yake Ford wenyewe waliacha mpangilio wa kuwaka wa silinda, umetokeza kwenye chuma: 1-5-4-2-6-3-7-8. Nani atabishana na chuma? Nikaunganisha vilevile kama ilivyoandikwa, nikajiona mhandisi.

Jumapili asubuhi tukawasha. Kemshafti ya aina hii ikiwa mpya haitaki kuzembewa: ikiwaka tu, unaishikilia kwenye mizunguko kama 2000 kila dakika, muda wa dakika 20 bila kushuka, na oili iwe ile yenye zinki, la sivyo inakwanguka siku hiyohiyo. Dakika 20! Jirani wa kushoto alitoka na joho la kulalia, wa kulia akafunga madirisha, mbwa wa mtaa wote wakaimba. Injini ilitikisika mpaka spana zikatembea zenyewe juu ya benchi na kudondoka moja moja. Ekzosi ikatoa harufu ya petroli mbichi, na kila baada ya muda, pa! Pa!

Rafiki yangu akazima tochi. "Ndugu, hii motoka iko na hasira ao iko na njaa?"

"Hiyo ndiyo kemshafti kali," nikamwambia, machozi ya moshi yakinitoka. "Ndiyo sauti yenyewe."

Ijumaa yake nikaenda uwanja wa mbio fupi, usiku ule ambao mtu yeyote analipa kiingilio akajipime robo maili, mita 402. Unapanga foleni, unapangiwa wa kushindana naye. Mimi nikapangiwa Toyota Sienna, gari la kubebea watoto. Dereva alikuwa mama mwenye miwani, na kiti cha nyuma kulikuwa na kiti cha mtoto kilichofungwa mkanda vizuri. Alinipungia mkono. Nilimwonea huruma.

Kuna nguzo ya taa pale wanaiita mti wa Krismasi. Njano, njano, njano, kijani. Nikakanyaga mpaka mwisho.

Gari lilifikiria.

Kisha nyuma yangu kukatokea mlipuko ambao sijawahi kuusikia tangu niondoke Tanga, kule walipokuwa wakipasua mawe kwa baruti. Sailensa ilichanika ubavuni kama kanzu ya kukodi. Taa za Sienna zilikuwa zinapungua tu mbele yangu, zikawa ndogo, zikawa mbili, zikawa moja. Nilipofika mwisho yule mama alikuwa ameshageuza. Karatasi ya muda ilisema sekunde 22.9. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba Mustang imefika salama, watu wakapiga makofi, na yale makofi ndiyo yaliyoniuma.

Asubuhi nikapiga simu. Sikueleza kitu, niliwasha injini nikaelekeza simu.

Mjomba hakusubiri sekunde kumi. "Silinda zinapiga nne. Nne nyingine zinakunywa mafuta bure. Chukua maji, nyunyizia mzizi wa ekzosi wa kila silinda, nipe majibu."

Nikachukua ile chupa ya mke wangu ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Ya kwanza: chwaa! Ya pili: chwaa! Ya tatu: maji yakateremka taratibu kama jasho. Ya nne, hivyohivyo. Upande wa pili, ya tano kimya, ya sita chwaa, ya saba kimya, ya nane chwaa.

"Hiyo si kemshafti ya injini yako ya zamani," mjomba akasema. "Karatasi yake iko wapi?"

Baadaye nilikuja kujua kisa chote. Kwenye Mustang ya mwaka 1982 yenye injini ya 5.0 HO, ile 302 ya nguvu zaidi, Ford walibadilisha mpangilio wa kuwaka wakafuata ule wa injini yao ya 351, na kemshafti yangu ilikuwa ya ukoo huo. Kwa mpangilio wangu wa menifoldi ya zamani, silinda nne zilipata cheche wakati zinatoa moshi. Ni kupakua pilau wageni wakishavaa viatu. Petroli yote ikaenda kusubiri kwenye sailensa.

Lakini asubuhi ile sikujua hayo, nilikuwa natafuta karatasi. Nikapekua gereji, nikapekua pipa la taka. Mke wangu alikuwa anakunywa chai, ananitazama.

"Unatafuta nini?"

"Karatasi ngumu, nyeupe, ina namba namba."

Akaelekeza kidole kwenye friji. Ilikuwa pale, chini ya sumaku ya embe, wiki tatu nzima, na mimi nafungua friji hiyo mara kumi kwa siku. Mbele ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake: unga wa sembe, vitunguu, bamia, nazi za kopo mbili, USISAHAU NAZI. Nikaigeuza. Pale chini kabisa, herufi nene: 1-3-7-2-6-5-4-8.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Mke wangu akaichukua ile karatasi mikononi mwangu, akaigeuza upande wake, akaisoma.

"Na nazi hukununua," akasema.