Jina la Babu Likiganda

Mwezi uliopita nilipeleka fomu za binti yangu kwenye ofisi moja hapa mjini. Nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi, dirishani nikafika saa tano kasorobo. Dada wa dirishani akaikunjua fomu, akawa anaishuka mstari kwa mstari na ncha ya kalamu. Kalamu ikasimama.

"Baba, huyu mtoto ni wako?"

"Wangu."

"Mbona ukoo wake Salum, na wewe ukoo wako Ramadhani?"

Nikamweleza. Salum ni baba yangu mzazi. Ramadhani ni babu, alizaliwa mwezi wa mfungo ndiyo akaitwa hivyo. Mtoto kabeba jina lake, langu na la babu yake, kama mimi nilivyobeba langu, la baba na la babu yangu. Akanisikiliza vizuri tu, hata akatabasamu, na sitashangaa kama jina lake la tatu pia ni la babu yake. Halafu akanirudishia fomu.

"Mimi nimekuelewa, baba. Mfumo ndio hautaelewa. Nenda kwa wakili ukaape."

Sina ugomvi na yule dada. Ugomvi wangu ni na maneno matatu yaliyochapwa kwenye kile kisanduku: "jina la ukoo". Kwa wengi wetu hapa Dar es Salaam, kisanduku kile kinauliza kitu ambacho hatuna, na sisi kwa adabu zetu tunakijaza hivyo hivyo. Tunamwandika babu. Mtoto naye anamwandika babu yake, ambaye si babu yetu. Kwa hiyo kila kizazi "ukoo" unahama nyumba. Kwetu umehama mara mbili ndani ya nyumba moja, maana fomu za mtoto wa kaka yangu zilijazwa na shemeji, naye akaona vizuri aandike Ramadhani. Leo binti yangu na binamu yake, waliolelewa kwenye ua mmoja, kwenye makaratasi hawahusiani kabisa.

Tazama hata Ikulu. Rais wetu ni Samia Suluhu Hassan. Samia ni jina lake, Suluhu ni baba yake, Hassan ni babu. Sisi tunamwita Rais Samia au Mama Samia na mambo yanakwenda. Magazeti ya nje yanaandika "Rais Hassan", kwa sababu huko jina la mwisho ndilo la mtu mwenyewe. Kila ninapoisoma hiyo huwa najiuliza, huyu Hassan aliapishwa lini? Wamempa babu wa watu urais.

Wapo wenye koo zao zilizokaa sawasawa, na hawa siwagusi. Mushi wa Kilimanjaro ni Mushi, na mjukuu wake atakuwa Mushi. Komba na Nyoni wa Songea walikuja na majina yao. Wanyakyusa wana ile "Mwa-" yao mbele, ukisikia Mwakyusa hujiulizi tena. Mimi nazungumzia sisi wengine, watu wa majina matatu yanayozunguka kama ndoo ya kisimani.

Ila katika mzunguko huo kuna jambo limenishika kwa muda mrefu. Mara moja moja jina linagoma kuzunguka. Linaganda. Na likiganda, hapo ndipo unapopata jina la ukoo adimu, ambalo pengine nchi nzima lina familia moja tu.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao, tumeuzoea mpaka hatuuoni. Nyerere halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki kule Butiama, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi, kwa vile alizaliwa wakati wa baa la viwavi. Mwanawe aliitwa Kambarage, akabatizwa Julius, akaandikwa Kambarage Nyerere kama yeyote anayebeba jina la baba yake. Kwa kanuni yetu ya kuzunguka, wajukuu wa mtemi ndio wangelibeba mara ya mwisho, na vitukuu wake walitakiwa waishie na "Kambarage". Hawakuwa. Nyerere likabaki palepale, na sasa linakwenda kwa vitukuu. Au chukua Mwinyi. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Ali wa Hassan wa Mwinyi. Mwanawe, kwa mzunguko, angekuwa Hussein Ali Hassan. Yeye ni Hussein Ali Mwinyi, na ndilo jina aliloapia urais wa Zanzibar mwaka 2020. Jina likishapata sifa kubwa, nani atakubali kulishusha chini?

Lakini jina ninalolipenda kuliko yote hapa mjini ni Sykes. Watu wa Kariakoo na Gerezani wanalitamka "Saiksi". Wadogo zangu walilijua kwa Dully Sykes wa Bongo Fleva, wazee walilijua kwa siasa. Ukimkuta Sykes popote Dar es Salaam humuulizi ni wa akina Sykes gani, kwa sababu hakuna wengine.

Habari yake inaanzia Msumbiji. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyetumwa kuizima vita ya Abushiri kwenye pwani yetu, aliajiri askari kutoka huko, watu wa asili ya Kizulu. Mmoja wao aliitwa Sykes Mbuwane. Naomba usome tena hapo: Sykes ndilo jina lake la mbele, Mbuwane ndilo la nyuma. Mwaka 1894 akapata mtoto wa kiume, akaitwa Kleist. Hilo nalo ni jina la ukoo wa makabaila wa Prussia, ukoo uliotoa majenerali kwa vizazi na vizazi, na hapa kwetu likawa jina la mtoto mchanga wa askari wa Kizulu. Kleist akakua, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, baadaye akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa katibu wa kwanza wa African Association hapa mjini. Alifariki mwaka 1949. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwemo katika kundi lililoanzisha TANU mwaka 1954.

Sasa hesabu majina. Abdulwahid Kleist Sykes: mtoto, baba, babu. Hayo ni majina matatu ya kawaida kabisa, kama yangu. Mtoto wa Abdulwahid kwa kanuni angekuwa "fulani Abdulwahid Kleist" na Sykes ingekwisha habari yake. Badala yake Dar es Salaam ikaja kuwa na meya anayeitwa Kleist Abdulwahid Sykes. Mbuwane, ambalo ndilo lililokaa mahali pa ukoo, likapotea njiani bila hata kuagwa. Jina la mbele la askari mmoja likakaa kwenye kiti chake.

Na jamaa zao wa karibu, akina Plantan, wana kichekesho chao. Affande Plantan naye alikuja na jeshi lile lile, na mmoja wa wanawe, aliyekuwa mwanasiasa machachari wa enzi za TANU, aliitwa Schneider. Kwa Kijerumani Schneider ni fundi cherehani, na huko ni jina la ukoo la watu wengi mno. Huku likawa jina la kwanza. Ni kama sisi tumeyapokea majina ya Wazungu kwa kuyashika kichwa chini miguu juu.

Kule Sykes lilikotoka mwanzo, hadithi ni nyingine kabisa. Ni jina la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na maana yake ni kijito au mtaro wa maji, hasa ule unaogawa mashamba ya watu wawili. Mtu alikaa kando ya kijito, akaitwa kwa kijito. Kwa Kiswahili, basi, hawa ni akina Kijito, na wangefaa sana kukaa Kijitonyama. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, mwenyewe mwenye jina hilo, alichapisha utafiti wa kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume, kwa wanaume wa jina lake. Vijito kule viko kila bonde, kwa hiyo mtu angetegemea koo nyingi zisizohusiana. Akakuta karibu nusu ya wanaume hao wana alama moja ya damu, dalili kwamba jina lote huenda lilianza na mtu mmoja karne nyingi zilizopita. Natamani angekuja na vijiti vyake vya kuchukulia mate pale Gerezani. Angekuta Sykes halisi, wa baba hadi mwana, na alama ya damu inayokwenda Msumbiji.

Ndiyo maana sizipendi zile tovuti zinazohesabu majina. Unaandika jina lako, inakwambia duniani mko wangapi na nchi gani inaongoza. Niliandika Ramadhani, ikanipa jeshi zima la ndugu ambao hatujawahi kuzikana. Jina lile halihesabu ukoo, linahesabu watu waliozaliwa mwezi wa mfungo miaka sitini au themanini iliyopita. Watoto wa wajukuu hawatalibeba, idadi itashuka, na hapatakuwa na Ramadhani yeyote aliyepotea. Wala serikali haiwezi kunisaidia. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120 nchi nzima, na 5,383,728 Dar es Salaam, lakini ukoo haumo. Hata swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967.

Waingereza walishawahi kukaa kitako kupiga hesabu ya namna majina ya koo yanavyokufa. Francis Galton aliuliza swali hilo mwaka 1873, mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry Watson, akamjibu, na mwaka 1874 wakachapisha pamoja. Wazo lao ni jepesi: katika kila kizazi wapo wanaume wasiopata watoto wa kiume, jina linaishia hapo, na ukisubiri vya kutosha mengi yanazimika. Hiyo ni kwa nchi ambako mpaka mtu akose mwana ndipo jina life. Kwetu babu anaweza kuwa na wajukuu arobaini wa kiume, wote wazima, na jina lake likafa kwenye daftari la shule ya msingi siku vitukuu wanapoandikishwa.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa kompyuta, anasema dawa ni sheria. Kila familia ichague jina moja, liandikwe, basi. Anapenda kutaja Uturuki, ambako mwaka 1934 sheria iliwalazimisha raia wote wawe na jina la ukoo, na bunge likampa Mustafa Kemal jina Atatürk na kupiga marufuku mtu mwingine kulitumia. Jina adimu kwa mujibu wa sheria! Mimi nakataa. Uturuki walikuwa na haraka zao. Na kusema kweli nani katika nyumba yetu atachagua? Baba mkubwa atasema Ramadhani. Shangazi yangu wa Mbagala atasema Ramadhani ni jina la juzi tu, kwamba babu kabla hajaandikwa shamba la mkonge alikuwa anaitwa jina lingine, na karani wa Kigiriki alishindwa kulitamka. Atalitaja, wazee wawili watabisha, chai itapoa.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kwenye fomu futeni "jina la ukoo", andikeni "jina la babu". Mushi ataandika Mushi na hakuna atakayemkamata. Mwenye Sykes ataandika Sykes. Na sisi wa kuzunguka tutakuwa tumesema kweli mbele ya serikali, kwa mara ya kwanza, bila kwenda kuapa. Mfumo nao ufundishwe jambo moja tu: jina la pili la mtoto lifanane na la kwanza la baba, na la tatu la mtoto lifanane na la pili la baba, au na la tatu lake kwa akina Mushi na Sykes. Mnyororo unajifunga wenyewe. Hata fundi simu wa Kariakoo anaweza kuandika programu hiyo.

Wakili nilimpata karibu na mahakama ya Kisutu, juu ya duka la kutoa kopi, ngazi nyembamba. Alikuwa na afidaviti tayari kwenye kompyuta, anabadilisha majina tu. Kila siku wanakuja watu kama wewe, mzee, aliniambia, siku nyingine hata kumi. Nikamlipa, akagonga muhuri, akanipa mkono.

Kwenye daladala ya kurudi nikaitoa kwenye bahasha nisome. Nilikuwa nimeapa, mbele ya sheria, kwamba mimi ni baba wa mtoto aliyetajwa, na kwamba jina langu la ukoo ni Ramadhan. Bila "i" ya mwisho.

Nilimwonyesha mke wangu jioni. Akaisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta ile "i" upande wa pili.

"Kesho uwahi," akasema. "Ukaape tena kwamba Ramadhan na Ramadhani ni mtu mmoja."