Chachu ya maziwa bustanini: ifanye kazi kwenye mboji kabla ya jani

Mwenye shamba dogo la mboga Kisumu, Kakamega au Nakuru huambiwa mambo mawili yasiyopatana kuhusu maji ya manjano yanayotokana na maziwa yaliyochachuka. Wa kwanza humwambia aache kununua mbolea, kwa kuwa bakteria walio ndani yake watalisha mimea. Wa pili humwambia ni maji machachu tu, ayamwage. Wote wawili wanaipima chachu kwa kibaba kisichoifaa. Chachu hii haina chakula cha mmea cha kutosha kuitwa mbolea, lakini ina uwezo wa kweli wa kubadili taka, na uwezo huo ndio unaosahaulika.

Namna inayofuatwa na wengi inatokana na kilimo cha asili cha Cho Han-kyu wa Korea Kusini. Kinachofanana nayo ni mchanganyiko wa vijidudu uitwao EM, ulioanzishwa na Teruo Higa huko Okinawa, Japani, miaka ya 1980. Kuitengeneza si kazi kubwa. Osha vikombe viwili vya mchele (wa Ahero unafaa kabisa) kwa lita moja ya maji, ukamate yale maji meupe ya kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza, maana klorini huua bakteria hao hao unaowatafuta. Jaza chupa ya kioo au plastiki hadi nusu, funika kwa kitambaa, weka kivulini. Kisumu, kwenye joto la mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, siku mbili au tatu zinatosha kupata harufu ya uchachu. Nakuru, mita 1,850 hivi, ngoja nne au tano.

Maji hayo hujitenga: utando juu, mashapo chini. Chukua ya katikati. Changanya sehemu moja na sehemu kumi za maziwa, yaani mililita 100 kwa lita moja, funika kwa kitambaa tena na usikoroge. Baada ya siku tatu hadi saba mgando hupanda juu na chini hubaki maji ya manjano yaliyo safi. Chuja. Lita moja ya maziwa hutoa takriban mililita 700 au 800. Kwenye friji hukaa miezi; pasipo friji, changanya mililita 500 na gramu 500 za sukari nguru na uache kifuniko kimelegea, kwani gesi itapasua chupa iliyokazwa. Kipimo cha kawaida ni mililita moja kwa lita ya maji, hivyo 20 kwa pampu ya mgongoni ya lita 20. Iliyochanganywa na sukari nguru iongezwe maradufu.

Inapoharibika, sababu huwa chache. Maziwa yasiyoganda kabisa mara nyingi yametoka kwa ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa matiti kwa antibiotiki. Dawa iliyobaki kwenye maziwa huzima bakteria. Muulize anayekuuzia, si kwa ajili ya bustani tu. Maziwa ya pakiti yaliyosagwa mafuta huganda, ila mgando haupandi vizuri na kuchuja kunasumbua. Ukungu mweusi, kijani au wa waridi, au harufu ya kuoza, maana yake chombo kilikuwa kichafu au maji ya mchele yalikaa kupita kiasi. Usijaribu kuiokoa kwa sukari, mwaga. Karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, ikionyesha chini ya 4, hali ni njema.

Sasa dai la mbolea. Hapa hesabu inakata mzizi wa fitina. Lita ya maji hayo ya manjano ina nitrojeni ya takriban gramu moja. Mililita 20 kwenye pampu ni gramu 0.02, na hizo zinagawanywa kwa lita 20 za maji. Kisoda kimoja cha mbolea ya CAN, gramu tano hivi, kina nitrojeni gramu 1.3, kwa kuwa mbolea hiyo ni asilimia 26. Kisoda kimoja, kwa shimo moja, kinashinda pampu nzima mara 65. Sukuma wiki inayochumwa kila wiki haiwezi kuishi kwa gramu 0.02. Anayeacha samadi na mbolea kwa kutegemea chupa hii ataona majani ya chini yakigeuka manjano, na atalaumu mbegu.

Watetezi hujibu kwamba bakteria hufungua virutubisho vilivyomo kwenye udongo, hasa fosfeti, ambayo udongo mwekundu wenye asidi wa Vihiga na Kakamega huishikilia kwa nguvu. Ni kweli kwamba asidi ya laktiki, ambayo bakteria hawa huitoa, huweza kuyeyusha fosfeti katika chombo cha maabara. Shambani kipimo ni kidogo mno, na bakteria hawa hupenda sukari na mahali pasipo hewa. Udongo uliolimwa hauwapi chochote kati ya hivyo, kwa hiyo wengi hufa au hushindwa na wenyeji. Udongo wa pH 5 unahitaji chokaa ya shambani kabla ya kitu kingine chochote.

Majaribio ya Jochen Mayer na wenzake nchini Uswisi, yaliyofanywa kwa miaka minne na kuchapishwa mwaka 2010, yalilinganisha EM hai na EM iliyouliwa kwa joto. Faida iliyoonekana ilitokana na pumba na virutubisho vilivyobeba vijidudu. Uhai wao haukuongeza kitu. Uswisi si Bungoma, na hilo ni pingamizi la haki: udongo wenye joto unaweza kwenda tofauti. Lakini anayedai tofauti hiyo ndiye wa kuionyesha.

Kuhusu magonjwa ya majani, upande wa watetezi una ushahidi bora zaidi, ila si wa chupa hii. Wagner Bettiol wa Brazil alichapisha mwaka 1999 kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, asilimia 10 au zaidi, yalizuia ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga) kwenye zukini ndani ya banda kitalu. Asilimia 10 ni mara mia ya mililita moja kwa lita. Kwa maboga yenye unga mweupe, jaribu maziwa kwa kipimo hicho asubuhi yenye jua. Kwa baka jani ya nyanya wakati wa mvua ndefu usiitegemee chachu wala maziwa: ugonjwa huo humaliza shamba kwa siku chache.

Sasa kazi inayoifaa. Chukua pumba za mahindi kilo 10 kutoka kinu cha posho, maji lita 3 hadi 4, chachu mililita 100 na molasi mililita 100. Ukifumba mkono, pumba zishikane bila kudondosha maji. Zishindilie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa yote, funga wiki mbili (tatu Nakuru). Zikinukia tamu yenye uchachu, nyunyiza konzi moja juu ya kila tabaka la sentimita tano la maganda na mabaki ya jikoni ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo ikijaa, ifunge wiki mbili, kisha zika mabaki kina cha sentimita 20 hadi 30 na usipande juu yake kwa wiki mbili nyingine, kwa sababu bado ni makali kwa mizizi michanga. Virutubisho ni vya mabaki yenyewe. Kazi ya chachu ni kuyahifadhi yasioze kwa uvundo, yasivute nzi wala panya, na nitrojeni isipotee hewani. Kwa nyumba za kukodi za Nyalenda mjini Kisumu au Kaptembwo mjini Nakuru zisizo na nafasi ya lundo la mboji, hiyo ni faida kubwa.

Banda la kuku nalo hunufaika: asidi hushika amonia isipae. Nyunyiza kidogo tu, mililita 5 kwa lita, juu ya matandiko makavu. Matandiko yakishakuwa mabichi, unyevu unaoongeza hukuza amonia na koksidia (vimelea vya kuharisha damu kwa kuku) kuliko unavyoponya. Badilisha matandiko kwanza.

Hofu nazo zipimwe. Kwa kipimo cha moja kwa elfu, asidi haitabadilisha pH ya udongo. Vijidudu vingine huila kwa siku chache. Hofu ya maziwa mabichi ina msingi, kwa sababu ya bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Usinyunyizie dania, letusi au majani yanayoliwa bila kupikwa, na ule mgando wape kuku, usiule. Usichanganye na majivu au dawa ya shaba ndani ya pampu moja. Na anayeiuza akidai inaua wadudu au magonjwa anahitaji usajili wa bodi ya taifa ya kudhibiti viuatilifu, PCPB.

Linalotusumbua zaidi ni maziwa. Lita moja ni pampu 35 hivi, nyingi mno kwa kijishamba cha jikoni, na ni chakula cha watoto. Tengeneza kwa nusu lita au chini. Kwa pumba na ndoo, maziwa hayahitajiki kabisa: maji ya juu ya unga wa wimbi au mtama uliolowekwa ukachachuka kwa ajili ya uji yana bakteria wa jamii hiyo hiyo, tena waliozoea nafaka. Maji ya maziwa lala ya nyumbani yanafaa vilevile.

Asiyeridhika apande mistari mitatu ya sukuma wiki kwenye udongo na jua sawa, yote ikiwa na samadi kipimo kimoja. Mmoja apewe maji matupu, wa pili chachu hai, wa tatu chachu ile ile iliyochemshwa dakika 15 ikapoa. Apime kwa mizani kila anapochuma, wiki nane. Mavuno ya mstari wa pili na wa tatu yakilingana, bakteria hawakufanya kitu. Akiwa na nafasi ya mstari wa nne, azike humo mabaki ya ndoo wiki mbili kabla ya kupanda. Huo ndio tunaoutarajia utoe majani mengi zaidi.