Mbona hawatuulizi chochote?

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Mhubiri alitumia sehemu kubwa ya mahubiri kuwasema vijana walioacha ibada. Wamelewa dunia, wanajiona wasomi, simu zimewapofusha. Watu wakawa wanaitikia amina, amina. Mbele yangu alikaa mama ambaye mwanawe wa kwanza ni mmoja wa hao walioacha. Yeye hakuitikia. Alikunja pembe ya kitambaa chake, akaikunjua, akaikunja tena, macho chini, mpaka sala ya mwisho.

Maneno yale alikuwa anaambiwa nani? Walioondoka hawakuwepo. Waliokuwepo ni wazazi wao, ambao usiku wanalia kwa ajili yao.

Najua mambo yamebadilika, sijifichi. Katika sensa ya mwaka 2021, waliojitambulisha kuwa Wakristo huko England na Wales walikuwa asilimia 46.2, wakati miaka kumi kabla yake walikuwa asilimia 59.3. Na tunazungumzia nchi iliyotuma wamisionari kila pembe ya dunia. Wala jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1943, mapadre wawili wa Ufaransa, Henri Godin na Yvan Daniel, waliuliza hadharani kama nchi yao yenyewe haijawa uwanja wa umisionari. Baadhi ya mapadre wakavua kanzu, wakaenda kufanya kazi viwandani na bandarini kando ya wafanyakazi ambao hawakuwa wanakanyaga kanisani. Roma iliwabana sana mwaka 1954, kisha ikaruhusu tena mwaka 1965. Unaweza kubishana na njia yao, lakini angalau walielewa nani anapaswa kumfuata mwenzake.

Sisi tunanukuu 1 Petro 3:15 kila penye semina ya uinjilisti: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu." Halafu tunakimbilia kuandaa majibu. Tuna majibu ya sayansi, majibu ya mateso, majibu ya kila kitu. Ila mtume anaanza na mtu anayeuliza! Anawaandikia Wakristo wachache waliotawanyika katika majimbo ya Rumi ya Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Hawana cheo, hawana sheria ya kuwalinda, wanasingiziwa, na bado anachukulia kwamba majirani watawauliza. Kuna kitu kwao kitakachohitaji maelezo.

Karne tatu baadaye, katika Galatia ileile, tunajua walichokiona majirani. Ipo barua iliyohifadhiwa kwa jina la Kaisari Juliani, aliyetaka kuirudisha dola ya Rumi kwenye miungu ya zamani, akimwandikia kuhani mkuu wa Galatia aliyeitwa Arsakio. Analalamika kwamba ni aibu: wale "Wagalilaya", yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao, na tena wanawalisha maskini wetu. Anaagiza zijengwe nyumba za kupokea wageni, ngano igawiwe wahitaji. Mpinzani wa Kanisa anawahimiza makuhani wake waige Wakristo. Nikiisoma najiuliza: leo mpinzani wetu angeandika barua, angelalamikia nini? Vipaza sauti?

Majirani zetu hawatuulizi kwa sababu hawaoni cha kuuliza. Tunapenda fedha kama wao, tunawadharau wanyonge kama wao, na kazini tunasaini uongo kama wao, tofauti yetu ikiwa ni mahali tunapokaa Jumapili asubuhi.

Namfahamu mhasibu mmoja, dada mnyenyekevu, si mwimbaji wala mzee wa kanisa. Bosi alimletea marejesho ya masurufu ya safari ambayo hakuna aliyeifanya, akamwambia weka saini hapa tumalize. Alikataa. Hakumhubiria mtu, hakutangaza. Alisema tu, "Samahani, hii siwezi," akamrudishia karatasi. Cheo alichokuwa anakisubiri kikaenda kwa mwingine. Mwenzake wa meza ya jirani, mtu asiyeamini kabisa na anayelisema waziwazi, alikaa na jambo hilo muda mrefu. Siku moja walipobaki wawili akamuuliza, "Hivi wewe unashikiliwa na nini?" Akamjibu kwa sentensi chache. Yule bwana hajaja kanisani, na pengine hatakuja. Lakini aliuliza, na alijibiwa kwa upole, kama andiko linavyoagiza pale mwishoni ambapo huwa tunapakatisha.

Mtaniambia Injili lazima itangazwe kwa mdomo. Ndiyo, lazima, na wapo waliookoka kwenye mikutano mikubwa, sibishi. Paulo naye alipofika Athene roho yake ilichukizwa kuona mji umejaa sanamu. Ila aliposimama Areopago, penye baraza la mji huo, hakuwatukana. Alianza na madhabahu yao wenyewe, akanukuu washairi wao. Wengine wakamdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, Dionisio na Damari wakiwemo. Hatusomi kwamba aliwalaani waliobaki.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wanaopanga ibada. Watu kama yule mhasibu wapewe nafasi ya kusimama mbele: muuguzi wa zamu ya usiku, fundi asiyedanganya kuhusu vipuri, mwalimu wa darasa gumu. Wasiitwe kusimulia jinsi walivyobarikiwa gari. Watueleze kazini kwao kukoje, wamekataa nini, imewagharimu nini, na nani aliwauliza. Halafu tuwaombee kwa majina, wao na wenzao wa meza ya jirani. Na wale vijana walioondoka, kabla hajasemwa hata mmoja madhabahuni, atafutwe kwanza aulizwe aliondoka kwa nini, na anayeuliza anyamaze mpaka jibu liishe.